Hariri ni uzi, si kitambaa

"Shikamoo fundi. Nashona mwaka wa sita sasa, karibu kila kitu pamba na kitani. Mdogo wangu anaolewa na ameniomba nimshonee gauni refu la hariri, lisilo na mikono, lililokatwa mshazari ili limwangukie mwilini. Dukani nimekuta satini, shifoni, jojeti, dupioni, oganza, krepu, na kila nilipouliza nikajibiwa kwamba hiyo nayo ni hariri. Nimenunua mita moja ya satini nijaribie mkono. Mishono imejikunyata na kitambaa kinateleza kama samaki. Nimekosea wapi, na ninunue hariri ipi?"

Marahaba. Nianze na huyo muuzaji, maana hakukudanganya, ila amekuacha gizani. Majina uliyoyataja yanaweza yote kuwa hariri, na yanaweza yote yasiwe. Satini ni namna ya kufuma. Krepu ni namna ya kusokota uzi. Hariri ni ule uzi anaoutoa kiwavi, basi. Mtu akikuambia "hii ni satini" amekueleza jinsi nyuzi zilivyopishana. Hajakuambia kama nyuzi zenyewe zimetoka kwa kiwavi au kwenye mtambo wa poliesta. Ndiyo maana mimi nikiingia dukani huuliza maswali mawili tofauti: uzi gani, na umefumwaje?

Hiyo mita moja uliyonunua nina shaka nayo. Ipime nyumbani kwa moto. Chomoa nyuzi chache za mtande, zile zinazokwenda na urefu wa kitambaa, na chache za mshindio, zile zinazokikatisha, uzichome mbalimbali, kwa sababu kuna vitambaa ambavyo mtande ni hariri na mshindio ni kitu kingine kabisa. Zishike kwa kibanio juu ya sinki. Hariri hushika moto shingo upande, hunuka nywele zilizoungua, na ukiuondoa moto huelekea kuzimika yenyewe. Majivu yake ni meusi na husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, hujikunja kuukimbia moto, kisha huacha tone gumu lisilosagika. Reyoni, uzi wa kiwandani utokanao na miti, huwaka haraka na hunuka karatasi.

Ukikuta tone gumu, basi nusu ya kosa si lako. Satini hufumwa kwa nyuzi zilizobanana sana, na uzi wa cherehani ukiingia hapo hauna pa kukaa, unazisukuma nyuzi za kitambaa pembeni, mshono unajikunyata. Hariri ukiipiga pasi inakubali kutulizwa. Poliesta haikubali, ilivyokunyata ndivyo itakavyobaki.

Sasa tuje kwenye uzi, kwa sababu ukiuelewa huo, majina ya dukani hayatakusumbua tena. Hariri ya kawaida ni ya kiwavi wa nondo aitwaye Bombyx mori, anayelishwa majani ya mforosadi. Kifukofuko chake, ile nyumba anayojifungia ndani, ni uzi mmoja mrefu usiokatika, mara nyingi mita 600 hadi 900. Uzi huo una sehemu mbili: kiini, na gundi inayokifunika, iitwayo serisini. Gundi hiyo inaweza kuwa robo nzima ya uzito. Ukiichemsha katika maji ya sabuni ikatoka, unapata hariri laini inayong'aa. Ukiiacha, unapata uzi mkavu, mgumu kidogo, unaosimama.

Hapo tayari oganza imejieleza. Ni uzi mwembamba sana, uliosokotwa sana, bado una gundi yake, umefumwa kwa nafasi. Ndiyo maana ni nyepesi kama pumzi lakini ukiikunja inasimama. Ndugu yake mnene ni gazari, kitambaa kilichobuniwa mwaka 1958 na kampuni ya Abraham ya Uswisi pamoja na mbunifu wa mavazi Cristóbal Balenciaga, ambaye alitaka kitambaa kitakachokaa mbali na mwili kama kilichofinyangwa. Kwa gauni la mdogo wako vyote viwili havifai, kwa sababu wewe unataka kianguke na hivi vimeumbwa visianguke. Hata hivyo nunua nusu mita ya oganza. Nitakuambia mbele ya kazi gani.

Dupioni nayo ni hadithi ya viwavi wawili waliosuka kifukofuko kimoja. Nyuzi zao hupandana, na zikivutwa hutoka na vinundu. Vinundu hivyo ndivyo unavyoviona vikikatisha kitambaa upande wa mshindio, na si dosari, ndilo pambo lenyewe. Shantungi, iliyopata jina kwa jimbo la Shandong nchini China, hufanana nayo, ila siku hizi huwa nyepesi zaidi na vinundu vyake ni vidogo. Vyote viwili vinashonwa kwa raha kama pamba, havitelezi, vinatii chaki na pasi. Tatizo lake ni kwamba kwenye mshono wa kubana nyuzi huachana, hasa kiunoni na mgongoni, mpaka unaona matundu ya sindano yamefunguka. Dawa ni kukiungia kitambaa chepesi kwa nyuma, vipande viwili vishonwe kama kimoja. Kama ungeniuliza gauni la kiuno cha kubana na sketi ya marinda, ningekupeleka huko bila kufikiri.

Tafeta ni ya kundi hilohilo la vitambaa vinavyosimama, nayo inajulikana kwa sauti: mvaaji akitembea unasikia chakarachakara. Sauti hiyo hutiwa, hariri ikipitishwa kwenye maji yenye tindikali hafifu mwisho wa matayarisho. Hapa niseme jambo moja kwa wanaopenda kununua magauni ya kale. Hariri iliuzwa kwa uzito, na kutoa gundi kulipunguza uzito, kwa hiyo mwishoni mwa karne ya 19 watengenezaji walizoea kuirudishia uzito kwa chumvi za madini, hasa za bati. Kitambaa kilijaa mkononi, kikasikika kizuri, kisha baada ya miaka kikaanza kupasuka chenyewe kwenye mikunjo. Magauni mengi ya wakati huo yanachanika kabatini bila mtu kuyagusa. Usijaribu kushona upya gauni la namna hiyo. Halishoneki.

Turudi kwako. Kuna makundi mawili ya hariri inayoanguka, nayo ndiyo unayopaswa kuchagua kati yake: ya satini na ya krepu.

Satini wazee wetu waliiita atlasi, neno la Kiarabu lenye maana ya kitu laini. Jina la satini lenyewe linasemekana kutoka Zaitun, jina ambalo wafanyabiashara Waarabu waliuita mji wa bandari wa Quanzhou huko China. Ufumaji wake ni kwamba uzi wa mtande unaruka juu ya nyuzi kadhaa za mshindio kabla ya kuzama mara moja. Mruko huo mrefu ndio unaorudisha mwanga, na ndio pia unaokwama kwenye kila kitu: kucha, pete, ncha ya pini iliyopinda. Ile nyepesi na laini, yenye mgongo wa krepu usiong'aa, huitwa shamuzi. Ile nzito inayosimama ni satini ya dachesi, ya magauni makubwa ya harusi yenye umbo.

Shamuzi ni nzuri mno, na ndiyo wengi wanayoiona akilini wakisikia neno hariri. Lakini haina huruma. Inaonyesha kila mshono wa nguo ya ndani, kila tone la maji, kila mahali ulipofumua ukarudia. Na ina upande. Mwaka mmoja nilikata gauni la mteja nikitaka kuokoa kitambaa, nikakigeuza kipande kimoja kichwa chini. Kwenye meza kilikuwa rangi moja. Jioni, chini ya taa, mgongo ulikuwa umeiva na kifua kimepauka, na aliyegundua si mimi bali ni mteja mwenyewe, mbele ya kioo. Nilinunua kitambaa kingine kwa fedha yangu. Tangu siku hiyo vipande vyote vya satini navilaza vichwa upande mmoja, hata kama nitapoteza nusu mita.

Krepu ni jambo jingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye jibu lako. Chukua uzi wa hariri uusokote kupita kiasi, mpaka ukiuachia unajikunjakunja. Sokota nyingine kuelekea kulia, nyingine kuelekea kushoto. Zifume zikiwa bado na gundi, zimenyooka na kutulia. Kisha tia kitambaa kwenye maji ya moto ya sabuni. Gundi ikitoka, kila uzi unataka kujifungua, huu unavuta huku, ule kule, na kitambaa kizima kinasinyaa na kuota chembechembe ndogo. Ndiyo krepu hiyo. Chembe hizo zinavunja mwanga, kwa hiyo haing'ai kama kioo bali inawaka kwa ndani. Na zinampa fundi kitu ambacho satini haimpi, yaani mshiko. Haitelezi sana mezani. Tena ule msokoto unafanya kama springi: ukikivuta kitambaa kinakubali, ukikiachia kinarudi.

Krepu zina aina zake. Katika krepdeshini mtande haukusokotwa kwa nguvu, ni mshindio tu, nyuzi mbili za kulia zikifuatiwa na mbili za kushoto. Katika jojeti, iliyopewa jina la mshonaji wa Ufaransa Georgette de la Plante, mtande na mshindio vyote vimesokotwa, kwa hiyo ni kavu zaidi, inarukaruka, na mwanga unapita kidogo. Shifoni ni wazo lilelile lakini kwa uzi mwembamba zaidi na nafasi kubwa zaidi. Shifoni peke yake si gauni, ni pazia. Huvaliwa juu ya kitu. Usimruhusu mtu akushawishi kuanzia nayo.

Krepu ndiyo iliyokuwa kitambaa cha Madeleine Vionnet, mbunifu wa Ufaransa aliyeufanya mkato wa mshazari kuwa sanaa katika miaka ya 1920 na 1930. Alikuwa akijaribu magauni yake kwanza juu ya mdoli mdogo wa mbao, akikitazama kitambaa kinavyoanguka, ndipo akate la ukubwa kamili. Nakuomba uibe tabia hiyo. Kabla ya kununua, omba jora lifunguliwe, shika kitambaa kwa kona, si kwa ukingo, ukiache kining'inie. Hivyo ndivyo kitakavyokuwa kwenye gauni la mshazari. Kikianguka kwa mikunjo ya mviringo iliyojaa, kinafaa. Kikisimama kama karatasi au kikinyauka kama kamba, kiache.

Kisha uliza uzito. Hariri hupimwa kwa mome, kipimo cha Kijapani. Mome moja ni takriban gramu 4.34 kwa mita ya mraba. Nambari hii itakusaidia kuliko jina lolote. Oganza na shifoni huwa karibu mome 4 hadi 8. Habutai, ile hariri nyororo isiyo na makuu inayotumika sana kwa bitana, mara nyingi ni 8. Krepdeshini ya blauzi huwa 12 hadi 14, ya gauni 16 na kuendelea. Shamuzi ya kawaida ni 16 hadi 19. Kuna krepu nzito ya nyuzi nne inayofika 40, ambayo ni takriban gramu 174 kwa mita ya mraba, na huanguka kama maji ya mtungi. Nyepesi si lazima iwe mbovu, wala nzito si lazima iwe bora, lakini kwa gauni la mshazari uzito ndio unaokivuta kitambaa kiukumbatie mwili.

Basi jibu langu: nunua krepdeshini ya mome 16 au 18, yenye upana wa sentimita 140 ukiipata, maana mshazari unakula kitambaa na upana wa 114 utakulazimisha kuunga. Mfuko ukiruhusu, krepu ya nyuzi nne, ambayo huenda ikakuondolea hata haja ya bitana. Na kama bibi harusi hataki kusikia kitu kisichong'aa, nunua shamuzi ya 19, uishone kwanza kwa upande wa nyuma, ule wa krepu, umwonyeshe. Wengi hubadili nia wakiuona.

Hariri za porini nizipite haraka, kwa sababu si za kazi hii. Tasa ya India ina rangi ya asali na mgongo mkavu, muga ya Assam, hukohuko India, ina dhahabu yake ya asili, eri ya kiwavi anayekula majani ya mbarika ni nene na ya joto kama sufu laini. Noili, inayofumwa kwa nyuzi fupi zilizobaki, watu huiita "hariri mbichi" kimakosa. Hariri mbichi kwa kweli ni ile isiyotolewa gundi. Noili ni nzuri kwa suruali na makoti, haina mng'ao, na mtu asiyejua atadhani ni pamba. Mahameli nayo, soma lebo: inayouzwa kwa jina la mahameli ya hariri mara nyingi mgongo tu ndio hariri, malaika yake ni ya reyoni.

Sasa mkono. Kabla ya kukata, chukua kipande cha upana wa kiganja ukiloweke kwenye maji baridi, kikauke, ukipime tena. Krepu hupenda kurudi. Kama bibi harusi atataka kulifua gauni siku za mbele, fua kitambaa kizima kwanza kwa maji baridi na sabuni laini isiyo kali. Kama litapelekwa kwa dobi wa kufua bila maji, kiache kama kilivyo. Dawa ya kung'arisha yenye klorini isikaribie hariri kabisa. Haiipaushi tu, inaimumunya.

Tandaza karatasi laini nyembamba mezani, kitambaa juu, karatasi nyingine juu yake, ukate vyote pamoja, tabaka moja la kitambaa kwa wakati mmoja. Usikunje kitambaa mara mbili kama unavyofanya pamba. Cha chini kitakutoroka. Pini ziwe nyembamba na zikae ndani ya sehemu ya mshono tu, kwa sababu tundu la pini kwenye hariri huenda lisifutike. Gauni liwe na mshono wa katikati mbele na nyuma, na vipande vya kushoto na kulia vielekeane kama kioo. Hili watu wengi hawaambiwi. Mtande na mshindio havivutiki sawa, na ukikata mbele yote kwa kipande kimoja cha mshazari, baada ya saa chache za kuvaliwa gauni litazunguka mwilini kama parafujo. Acha sentimita 3 za mshono pembeni, kwa kuwa kitambaa cha mshazari kikirefuka hupungua upana.

Sindano iwe mpya, yenye ncha kali, namba 60 au 70. Nina hakika ile uliyotumia kwenye satini ilikuwa 80 au 90 iliyokwishashona kitani. Uzi uwe mwembamba. Mkazo wa uzi wa juu upunguze kidogo, mshono uwe wa milimita 2 hadi 2.5, na unapoanza shika nyuzi zote mbili nyuma, vinginevyo cherehani itakimeza kitambaa. Ukiweka karatasi laini chini ya mshono kisha uichane, utelezi unakwisha. Kwenye mishono ya mshazari tumia zigizaga nyembamba mno, upana wa nusu milimita, ili kitambaa kikivutika uzi usikatike. Mshono wa Kifaransa, ule unaoficha kingo ndani yake, unapendeza kwenye shifoni na oganza, lakini kwenye mshazari huwa mgumu na kuvuta. Hapo mimi huacha kingo zikiwa wazi, kwa kuwa kitambaa cha mshazari hakichanuki nyuzi sana.

Shingo na makwapa ndiyo yatakayokusaliti kwanza. Yakishakatwa tu, kabla hujakiinua kipande mezani, yafunge kwa mkono na vipande vya ile oganza niliyokuambia ununue, vilivyokatwa kufuata mtande, upana wa sentimita 1. Oganza haionekani, haina uzito, na haivutiki. Bitana ikiwepo iwe habutai ya 8 nayo ikatwe mshazari vilevile, iungwe shingoni na makwapani tu. Bitana iliyokatwa wima itaikamata krepu isishuke, na kazi yako yote itaonekana kama gunia.

Pasi iwe ya joto la wastani, kwa nyuma, kitambaa cha pamba katikati. Usinyunyizie maji kabla ya kujaribu kwenye mabaki, maana kuna hariri zinazobaki na duara la tone hata baada ya kukauka.

Mwisho wa kushona usikimbilie pindo. Litundike gauni siku mbili nzima, likiwa limebanwa vizuri mabegani, lishuke linavyotaka. Litashuka bila usawa, hapa sentimita 2, pale 5, na hilo si kosa. Kisha mdogo wako alivae, na viatu vyenyewe vya siku hiyo, asimame bila kuinama kukutazama, nawe upime kutoka sakafuni kuzunguka pande zote. Piga bandi kwanza, atembee hadi mlangoni na kurudi, ndipo ukate.